Ekseli ya Karavani ya Kilio

Constant Ngoy alikuwa fundi wa lifti, na mafundi wa lifti wana ugonjwa wao: hawawezi kuona kitu kimebebwa bila kuuliza kimebebwa na nini. Akiingia kanisani, kabla ya ishara ya msalaba anatazama dari. Akisubiri tramu, anainama kuchungulia magurudumu mpaka watu wanadhani ameangusha sarafu. Mama yake, maman Mauwa, alipenda kusema kwamba mtoto huyu alipozaliwa kule Likasi hakulia mara moja. Alitaka kwanza kujua mkunga amesimama juu ya nini.

Basi karavani ya kilio ilipofuka moshi barabarani, hakuna aliyeuliza kazi apewe nani.

Aliyewahi kuishi Brussels anazijua nyumba zake. Ngazi nyembamba, jirani wa kupiga ukuta, na jiko ambalo ukiweka sufuria ya bukari, yaani ugali, hakuna tena mahali pa kuweka mwiko. Mkatanga wa Kongo akifiwa, watu wanakuja kukaa naye siku nyingi, na watu hao wanakula. Ndiyo maana, miaka mingi iliyopita, maman Mauwa na wenzake walichanga wakanunua karavani kuukuu, zile za zamani ambazo Wabelgiji walikuwa wakivuta kwenda nazo baharini na watoto wao. Nyeupe, ina mstari wa rangi ya chungwa ubavuni. Waling'oa vitanda, wakaweka majiko ya gesi na masufuria. Kikitokea kifo, iwe Saint-Josse, Ixelles au mbali kama Vilvoorde, karavani inavutwa hadi mlangoni kwa wafiwa, na humo ndimo chakula kinapikwa mpaka kilio kimalizike.

Ilikuwa na masharti yake. Wanaume wanaivuta, lakini hawaingii. Ufunguo anao maman Mauwa. Na mlango haufunguliwi ila kukiwa na marehemu. Kuufungua bure ni uchuro, ni kumwambia Kifo karibu, viti vipo. Hayo Constant aliyajua tangu ujana, kama mtu anavyojua kwamba moto unaunguza, hajui nani alimwambia.

Ule moshi ulitokea majira ya kuchipua, wakirudi kutoka kilio cha Vilvoorde. Tairi la kushoto lilikuwa linasugua bati juu yake. Waliikokota taratibu hadi kwenye ua wa gereji moja ya Saint-Josse ambako huwa inalala, na maman Mauwa akamwita mwanawe.

"Constant, weye njo unajua bintu ya kupanda na kushuka. Angalia ule gari. Nataka itembee tena mbele ya baridi."

Akatandika kadibodi, akalala chali, akaingia chini. Alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyolazimu, kwa sababu alichokiona kilimfurahisha. Hapakuwa na springi hata moja. Kulikuwa na ekseli ya namna ambayo hajawahi kuikuta: bomba la chuma limelala kutoka upande huu hadi ule, na ndani yake kamba nene za mpira zimebanwa kwa nguvu. Kila mwisho wa bomba una mkono mfupi unaoshika gurudumu. Gari likiingia shimoni, mkono unajizungusha, mpira unajikamua, basi. Hakuna grisi, hakuna kelele. Aliyebuni kitu hiki, Constant aliwaza, alikuwa mtu mvivu mwenye akili, na hao ndio bora.

Lakini mpira nao unazeeka kama sisi. Huu ulikuwa umekauka na kukata tamaa, na karavani nzima ilikuwa imekaa juu ya magurudumu yake kama kuku juu ya mayai. Dawa ilikuwa moja, ekseli nyingine.

Hapo ndipo msako ulipoanza, na tusimwonee huruma, alikuwa anaona raha. Kiwanda kilichoitengeneza karavani kilikuwa kimekufa kabla yeye hajaja Ulaya. Kibandiko cha namba kilikuwa chini ya rangi, na rangi ilipokwanguliwa, namba zilitoka nayo. Jumamosi alizunguka kwenye viwanja vya magari mabovu. Jumapili, baada ya misa, aliwafuata wazee wa Kibelgiji wanaopenda karavani za zamani, watu wapole wanaoweza kuzungumzia nati moja hadi kahawa ipoe. Mmoja wao ndiye aliyemwelekeza kwa mzee Roeland.

Roeland aliishi nje kidogo ya Mechelen, katika banda lililojaa ekseli kuukuu kama kuni. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mpya kwa vipimo vya ya zamani. Constant alipima kila kitu: upana kutoka gurudumu hadi gurudumu, nafasi ya boliti, urefu wa mkono, na mkono umeinama kiasi gani. Akampelekea pamoja na picha. Jioni mzee akapiga simu.

"Bwana, hii mikono yako inatazama juu," alisema kwa Kifaransa chake cha Kiflandria.

"Ndivyo ilivyo."

"Haiwezekani. Mikono ya ekseli hizi hutazama chini. Hakuna kiwanda duniani kilichotengeneza inayotazama juu. Nikikuundia hiyo, karavani yako itazaliwa mzee. Ulitoa mizigo kabla ya kupima?"

"Hakuna mizigo. Ni masufuria tu."

"Toa hayo masufuria," Roeland akasema. "Pima ikiwa tupu. Kisha pima uzito wa kila kinachoingia ndani, uniambie. Bila uzito siwezi kujua nikubanie mpira wa kiasi gani."

Alichoombwa kilikuwa kidogo, na hakikufanyika. Kutoa masufuria ni kufungua mlango, na hakuna aliyekuwa amekufa. Constant, mtu wa kuzima umeme na kuingia kwenye shimo la lifti bila wasiwasi, alijikuta anasubiri. Anasubiri nini? Ndiyo hapo. Kusubiri mlango ufunguke ilikuwa kusubiri mtu afe, na alipojigundua anafanya hivyo aliona aibu hadi masikio yakapata moto. Akajisemea mambo yatajileta.

Yalijileta. Majani yalipoanza kupukutika, maman Mauwa alishikwa na moyo akiwa sokoni, akalazwa hospitali. Wiki ileile mwenye ua akawaambia kwamba kiwanja kimeuzwa. Mwisho wa mwezi, kitakachoshindwa kutoka kwa magurudumu yake kitakatwa chuma chakavu. Constant akarudi mbio kwa simu za Roeland, na habari zikamfikia dada yake, Océane, ambaye anaishi Charleroi na hasikii habari ila zile mbaya. Akapiga simu.

"Mama iko mu hôpital, na weye uko natafuta essieu," alisema, akimaanisha ekseli. "Ya kubeba kilio ya nani, Constant?"

"Ni mama mwenyewe alinituma. Mu printemps."

"Mu printemps alikuwa muzima."

Ni kweli, majira ya kuchipua mama alikuwa mzima. Kwa akili ya ufundi jibu lilikuwapo, tena refu. Lakini kifuani, kule ambako ufundi haufiki, alikuwa anaogopa jambo lilelile. Kila akishika simu kumpigia Roeland aliona kama anapima jeneza. Akaiacha. Karavani ikae, ikatwe, alimradi mama arudi.

Maman Mauwa akarudi. Alirudi amepungua, anatembea akishika kuta, lakini ulimi haukuwa umelazwa. Alikuwa hajamaliza chai ya kwanza nyumbani kwake, juu kidogo ya Chaussée de Wavre, akauliza.

"Na essieu?"

Constant akachezea kijiko. "Bantu banasema, mama, haiko muzuri kwa sasa."

"Bantu gani?"

"Océane."

"Océane njo bantu?"

"Mama, ule mutu wa Mechelen anataka tutoshe bintu yote inje. Na kufungua ule mulango bila kilio ni kuita kifo. Kila mutu anajua."

"Nani alisemaka vile?"

Constant akamtazama, akidhani dawa za hospitali bado zinafanya kazi. "Weye, mama."

Maman Mauwa akaweka kikombe chini na kuwaza, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka kwa uangalifu, kama daktari alivyoagiza.

"Bon. Miye nilisemaka bafunge mulango juu ya fête ya communion. Balikuya kukopa masufuria quatre, bakarudisha trois, tena bila mifuniko. Alors nikasema, hapana, ni ya kilio tu. Mutu wa kilio iko na haya, hawezi kuiba sufuria."

"Donc haikuwa desturi ya bankambo, ya babu zetu?"

"Ilikuwa mifuniko," alisema maman Mauwa, na akampa ufunguo.

Ningependa kuwaambia kwamba hofu ilimtoka Constant pale pale. Haikumtoka. Ukishaogopa kitu miaka yote hiyo, kuambiwa asili yake ni mifuniko hakukusaidii sana. Lakini udadisi ulikuwa mkubwa kuliko hofu, na mwisho wa mwezi ulikuwa karibu. Jumamosi asubuhi akamchukua mama yake kwa gari hadi ua wa Saint-Josse, akamfunika kwa koti na blanketi kwenye kiti, akaingiza ufunguo.

Mlango ulifunguka kidogo ukakwama. Constant akapenyeza mkono, akasukuma, na kitu kikubwa cha alumini kikaanguka ndani kwa kishindo.

Yalikuwa masufuria, kama alivyomwambia Roeland. Ila Roeland alikuwa amefikiria masufuria ya mapishi, na Constant pia. Haya yalikuwa yamepangwa nyuma ya majiko kutoka sakafuni hadi darini, moja ndani ya jingine, yakaziba dirisha la nyuma. Ya alumini, ya chuma kizito, ya kukaangia, na vinu viwili vya kutwangia sombe, majani ya muhogo, vyenye uzito wa mtu mzima. Maman Mauwa akainuka kitini akaja kuchungulia, akashika mdomo. Kwa sababu ya magoti, alikuwa hajaingia humo miaka mingi. Alikuwa anatoa ufunguo tu.

"Ni ya bafiwa," alisema taratibu.

Ndipo Constant akaelewa. Kilio kinapomalizika, familia inataka kushukuru, na mtu hashukuru mikono mitupu. Kila nyumba ilikuwa imeacha sufuria moja ndani ya karavani, kimyakimya, ikitoa bila kutangaza kama inavyopasa. Sufuria moja ni nini? Sisi husema haba na haba hujaza kibaba, na tukisema hivyo tunasifu akiba. Hakuna anayemuuliza anayekibeba hicho kibaba. Ekseli ilikuwa imekibeba peke yake. Haikuwa imezeeka tu. Ilikuwa imelemewa na asante za watu.

Mama akamwashiria aingie, ingawa ni mwanamume, naye akaanza kutoa. Aliyapanga juu ya mawe ya ua, safu kwa safu, na kila alipotoa safu alikwenda kutazama gurudumu. Mwili wa karavani ulikuwa unapanda, kidogo sana, lakini jicho la lifti linaona. Mchana ukakaribia. Maman Mauwa akasikia baridi, akaingia ofisini kwa mwenye gereji kunywa kahawa. Constant akaingia tena chini kung'oa kutu kwa brashi ya waya, na kutu ikamwingia machoni.

Alipotoka, akifuta machozi kwa mgongo wa mkono, maman Mujinga alikuwa amesimama langoni.

Huyu alikuwa na duka la kutuma vifurushi Lubumbashi, pale Chaussée de Wavre, na siku hiyo alikuwa Saint-Josse kwa shughuli zake. Alitazama mlango wa karavani uliokuwa wazi. Akatazama masufuria kwenye mawe, kiti kitupu chenye blanketi la Mauwa, macho mekundu ya Constant. Mtu mwenye adabu hamuulizi mwenye msiba. Akamwekea mkono begani, akasema "Courage," kama mtu anavyompa pole mfiwa, Constant akasema "Merci, maman," akidhani ni juu ya kutu, na Mujinga akaondoka akiwa tayari ameshika simu.

Nadhani hata polisi wa Brussels hawajui kuita watu kwa kasi ile. Koti la Constant, lililotundikwa kwenye msumari, likaanza kulia simu mfululizo. Alikuwa chini ya gari tena, hakulisikia. Alichosikia ni sauti ya kwanza, ndefu, kutoka barabarani. Kisha nyingine. Alipochomoa kichwa, lango lilikuwa limejaa wanawake waliofunga vitenge juu ya makoti ya baridi, mikono kichwani, na mbele yao Mujinga.

"Mauwa, umetuacha na nani," Mujinga alikuwa akilia. "Mauwa mwenye roho muzuri, mwenye hakukatalaka mutu kitu."

Constant alijaribu kusema, lakini akakumbatiwa, kichwa chake kikapotea kwenye kitenge cha mtu. Kwa jicho moja aliona mlango wa ofisi ukifunguliwa. Mama yake akatokea na kikombe mkononi. Kisha akafanya jambo ambalo Constant hatalisahau: aliegemea mlango akasikiliza, shingo imeinama upande, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Tabia ile ya kutaka kujua, kumbe Constant hakuiokota barabarani.

Alipokuwa ameridhika, akazungumza.

"Mujinga. Siku ile nilikunyima mafuta ya mawese, haukusema vile."

Vilio vikakatika. Mwanamke mmoja akakaa chini palepale, juu ya sufuria. Mujinga akamtazama Mauwa, akatazama kikombe, mvuke unatoka; wafu hawanywi kahawa ya moto. Halafu akaanza kulia upya, mara hii kweli, akaenda akamshika rafiki yake kwa nguvu mpaka kahawa ikamwagika. Vicheko na machozi vikachanganyika uani, na mwenye gereji, ambaye hakuelewa hata neno, akatoa viti.

Watu wakija wanakula, hiyo haina mjadala. Kabla Constant hajamaliza kueleza habari za mpira na mikono inayotazama juu, majiko ya gesi yalikuwa yamewashwa. Naye akaingia chini ya karavani tupu na kupima. Mikono ilikuwa imelegea ikatazama chini, na vipimo, kwa mara ya kwanza, vikaleta maana.

Ulibaki uzito. Maman Mujinga, aliyekuwa na deni la haya, akaagiza mizani ya dukani iletwe, ile ya kupimia vifurushi. Kila mwanamke akabeba sufuria ya nyumba yake. Wakati Constant akiandika kilo kwenye kadibodi aliyokuwa amelalia, walimwambia ni ya nani: hii ya mume wangu, hii tulimwachia kaka Désiré, hii ni ya mtoto wetu, irudishe polepole. Alikuwa anahesabu chuma, lakini mkono ulianza kuwa mzito. Kila mmoja alidhani yale mengine ni ya karavani; hakuna aliyekuwa amejua kwamba mwenzake pia aliacha.

Ndipo Océane akaingia langoni.

Alikuwa amekuja kwa treni kutoka Charleroi akilia njia nzima, kwa sababu Mujinga alikuwa amempigia wa kwanza na aibu ikamzuia kumpigia wa pili. Alimwona mama yake kitini, anachambua sombe. Akapiga magoti kwenye mawe, akaweka kichwa mapajani mwa mama, na maman Mauwa akaendelea na sombe kwa mkono mmoja, wa pili uko juu ya nywele za binti.

"Nilikuambia," Océane alimwambia Constant baadaye, bila kumtazama. "Nilikuambia uache ile kitu."

Constant angejibu, lakini simu iliita. Alikuwa Roeland. Constant akamsomea vipimo, akamsomea jumla ya kilo, na mzee akapiga mluzi.

"Ni masufuria gani hayo?"

"Ni ya watu," alisema Constant.

"Sawa. Swali la mwisho. Ekseli nitakayokuundia itaishi kuliko mimi. Mzigo utabaki huohuo, au utaongezeka?"

Constant akafunika simu kwa kiganja. Hili hakulitegemea. Kwenye lifti, mzigo unaandikwa ukutani na habari imekwisha. Akamgeukia mama yake, akamtafsiria swali, na alipokuwa akilitamka alisikia lilivyo: anamuuliza mgonjwa wa moyo kama kuna vilio vingine vinakuja.

Maman Mauwa akafuta mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kwa kidole.

"Océane," alisema, "kamata ufunguo ya nyumba. Mu cuisine, chini ya dirisha, kuko sufuria yangu ile ya Likasi. Ulete."

"Mama, hapana."

"Leta, mutoto yangu. Sitaki babebe ya bengine, yangu ibakie inje. Na sitaki mutu apeleke pa nafasi yangu. Nitapeleka miye, na miguu yangu."

Océane alimtazama kaka yake kama anayeomba msaada. Constant hakuwa nao. Ile hofu aliyoikimbia miezi yote ilikuwa imeketi mbele yake kwenye kiti, imejifunika blanketi, inamtuma dada yake sufuria. Na cha ajabu, kwa karibu haikuwa kubwa kama alivyodhani. Akamwambia Roeland asubiri, atampigia.

Océane alikwenda kwa basi na kurudi kwa basi. Aliingia uani ameikumbatia kwa mikono miwili, sufuria nyeusi kwa nje na nyeupe kwa ndani, ile iliyowalea wote wawili. Hakumpa Constant. Aliipeleka mwenyewe hadi kwenye mizani, akaiweka, akangoja namba itulie.

"Mama, na utapikia mu nini sasa?" aliuliza, bado ameinama.

"Nitanunua ingine, kadogo. Niko mutu moja."

Océane akasoma mizani. "Sept kilos et demi," alisema. Kilo saba na nusu.

Constant akaiandika chini ya zile nyingine. Akajumlisha. Kisha akampigia mzee wa Mechelen, akamtajia kilo zote, na ya mama yake ndani, akamwambia aweke mpira mgumu kidogo kupita hapo.